Mwalimu wa kigeni ndani ya shule ya Kichina: mwongozo kamili wa kuingia, kufundisha na kuishi

Shule ya Kichina inaendeshwa na mtihani. Mwaka wa tisa wa masomo unaishia kwa zhongkao, unaoamua nani ataendelea na sekondari ya juu ya kawaida na nani ataelekezwa kwenye ufundi. Miaka mitatu baadaye kuna gaokao, mtihani wa kuingia chuo kikuu, unaoanza Juni 7, na siku hizo hata madereva huombwa wasipige honi karibu na shule. Ratiba, chakula, usingizi wa mchana, simu za wazazi usiku: vyote vinazunguka mitihani hiyo miwili.

Somo la mwalimu wa kigeni kwa kawaida halimo humo. Katika shule nyingi za serikali unafundisha mazungumzo, kipindi kimoja kwa wiki kwa kila darasa, na hakuna alama yako itakayomfikisha mtoto chuo kikuu. Jambo hilo moja linaeleza karibu kila kitakachokukuta: uhuru mkubwa wa kufundisha utakavyo, vipindi vinavyofutwa dakika kumi kabla ya kengele, na mwanafunzi wa nyuma anayefanya hisabati huku wewe unaongea. Wageni wengi wanaondoka wakisema walidharauliwa. Ukijua tangu mwanzo kwamba uko nje ya hesabu, unapanga maisha yako kwa namna nyingine, na mwongozo huu umepangwa hivyo.

Nimeuandika kwa ajili ya mtu wa Afrika Mashariki anayefikiria kazi hii au aliyekwisha kupata ofa. Mifano mingi inatoka shule za sekondari za serikali, upande wa mkoa wa Hunan ninakofundisha.

Hatua ya 1: Jua unaingia kwa mlango gani

Tuanze na habari chungu. Kanuni ya China inasema mwalimu wa lugha afundishe, kimsingi, lugha ya nchi anayotoka. Kwa Kiingereza, maofisa wa mikoa mingi wanaitafsiri kama Marekani, Uingereza, Canada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mkenya aliyesoma kwa Kiingereza tangu chekechea, mwenye shahada ya ualimu, anaweza kukataliwa kibali pale pale ambapo kijana wa Manchester mwenye shahada ya kilimo anapitishwa. Si haki, lakini ndivyo ilivyo, na wakala anayekwambia "hilo dogo, tutalimaliza" anakuuzia shida.

Milango iliyo wazi zaidi ni hii. Kwanza ni kufundisha somo: hisabati, fizikia, baiolojia au kompyuta katika shule za kimataifa na vitengo vya kimataifa vya shule za Kichina vinavyofuata mitaala kama A-Level. Hapo unahitaji shahada na uzoefu wa kazi wa miaka miwili baada ya kuhitimu. Kumbuka kwamba huko somo lako ndilo mtihani wenyewe, kwa hiyo presha ni ya aina nyingine. Pili, waliomaliza shahada ya uzamili katika vyuo vya China wana njia yao ya kupata kibali bila ile miaka miwili. Tatu ni Kiswahili chenyewe. Chuo Kikuu cha Mawasiliano cha China kilianza kukifundisha mwaka 1960 na Chuo Kikuu cha Lugha za Kigeni cha Beijing mwaka 1961, na vyuo vingine vimefuata. Nafasi ni chache na zinapatikana zaidi kupitia idara za Kiswahili za vyuo vyetu, lakini hapo ile kanuni ya lugha ya nyumbani inafanya kazi upande wako.

Vituo vya tuisheni vilivyokuwa vikiajiri wageni kwa wingi vilifungwa au kubadilisha biashara baada ya serikali kubana tuisheni za kibiashara Julai 2021. Tangazo la kazi la "training center" lichunguze mara mbili.

Usikubali kuingia kwa viza ya biashara (M) au ya masomo (X) kwa ahadi kwamba "itabadilishwa ukifika". Kufanya kazi bila kibali ni faini ya yuani 5,000 hadi 20,000. Likiwa kosa zito unawekwa ndani siku 5 hadi 15, na kufukuzwa nchini juu yake. Wakala hatakuwepo siku hiyo.

Hatua ya 2: Karatasi, ukiwa bado nyumbani

Utahitaji shahada, cheti cha polisi cha kutokuwa na rekodi ya jinai, barua za waajiri wa zamani, fomu ya afya na picha. Shahada na cheti cha polisi lazima vithibitishwe. China ilianza kutumia mkataba wa Apostille (wa nchi kutambuliana nyaraka) Novemba 7, 2023, kwa hiyo nchi zilizo ndani ya mkataba zinapiga muhuri mmoja tu. Kama nchi yako haimo, unapita njia ndefu: wizara ya mambo ya nje kwanza, kisha ubalozi wa China. Cheti cha polisi kiombe mwishoni kuliko vingine, maana kikikaa miezi kadhaa hakikubaliki tena.

Shule inatuma nyaraka zako kwenye ofisi ya huko na kupata barua ya taarifa ya kibali cha kazi. Hiyo ndiyo unayoipeleka kuombea viza ya kazi (Z). Bila barua hiyo hakuna Z, na bila Z usikate tiketi.

Kisha jina. Jina lako lifanane, herufi kwa herufi na kwa mpangilio uleule, kwenye pasipoti, shahada na barua za kazi. Sisi tuna mazoea ya kuandika Juma Hamisi hapa na Hamisi J. Omari kule. China mfumo unalisoma jina kama namba: benki, laini ya simu, tiketi ya treni, kodi, vyote vinalinganishwa na pasipoti, na nafasi moja iliyokosekana kati ya majina mawili inaweza kukuzuia kulipia hata soda. Kama shahada ina jina tofauti, tengeneza kiapo cha jina mapema na kithibitishwe pamoja na vingine.

Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, nakala za kila kitu kwenye flashi, na picha za pasipoti za kutosha zenye mandhari nyeupe.

Hatua ya 3: Soma mkataba kama mwanasheria wa kijijini

Mkataba huwa wa lugha mbili, na mara nyingi kuna kifungu kinachosema zikitofautiana, Kichina ndicho kinachotawala. Mtafute mtu akusomee upande huo. Walimu na wahitimu wa Taasisi za Confucius, vituo vya kufundisha Kichina, wapo Nairobi (ya kwanza Afrika, ilifunguliwa 2005), Dar es Salaam na Dodoma. Chai na maandazi vinatosha kumshawishi mwanafunzi wa mwaka wa tatu.

Maswali ya kuuliza kabla ya kusaini: Ni vipindi vingapi kwa wiki, na je, lazima ukae ofisini wakati huna kipindi? Hilo la kukaa ofisini linaitwa zuoban, na ndilo linalotofautisha kazi ya vipindi 16 na kazi ya saa 40. Mshahara unalipwa miezi 10 au 12? Likizo ya Februari na ile ya Julai na Agosti zinalipwa vipi? Nyumba iko ndani ya shule au unapewa posho? Ukivunja mkataba unalipa kiasi gani? Na jina la mwajiri kwenye kibali ni la shule utakayofundisha, au ni la kampuni fulani itakayokutuma huku na kule? Kibali chako kinakuruhusu kumfanyia kazi mwajiri aliyeandikwa tu. Kufundisha kwa wengine jioni, hata kwa mtoto wa jirani anayekulipa vizuri, ni kosa.

Hatua ya 4: Wiki za kwanza, kwa mpangilio huu

Ndani ya saa 24 za kufika lazima uandikishwe polisi mahali unapolala. Hoteli inafanya yenyewe. Ukifikia nyumba ya shule au kwa rafiki, unakwenda kituo cha polisi cha mtaa na mwenyeji wako. Karatasi utakayopewa itunze, itaombwa kwingi. Ukihama nyumba, unaandikishwa upya.

Halafu ni uchunguzi wa afya: damu, eksirei ya kifua, moyo, macho. Nenda bila kula asubuhi hiyo. Ukishapata majibu shule inakamilisha kibali cha kazi, kisha mnakwenda uhamiaji kuomba kibali cha ukaazi. Yote haya yaishe ndani ya siku 30 za kuingia. Uhamiaji watabaki na pasipoti yako kwa muda na kukupa stakabadhi yenye picha, kwa hiyo usipange safari.

Laini ya simu ifuate mara moja, kwa pasipoti, kabla ya benki. Benki inataka namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako. WeChat (programu ya ujumbe na malipo) na Alipay (ya malipo) zinataka namba na benki. Siku hizi unaweza kuunganisha kadi ya Visa au Mastercard ya nyumbani kwenye programu hizo mbili, na hiyo inakuvusha wiki ya kwanza. Bila malipo ya simu maisha ni magumu, kwani hata bibi anayeuza viazi vitamu barabarani amening'iniza msimbo wa QR shingoni.

WhatsApp, Google, YouTube, Facebook na Instagram hazifunguki kwa intaneti ya kawaida ya huko. Mweleze mama nyumbani afungue WeChat kabla hujaondoka, umfundishe kupiga simu ya video, na umwonyeshe tofauti ya saa: China iko mbele kwa saa tano kuliko Nairobi na Dar. Laini yako ya nyumbani ikiwa kwenye rominga inapita mtandao wa nyumbani na kufungua kila kitu, ila gharama yake ni ya dharura tu. Barua pepe ya kazi isiwe Gmail.

Hatua ya 5: Ijue saa ya shule

Ratiba imeandikwa kwa saa 24, lakini nitakupa kwa saa zetu. Saa moja na nusu asubuhi wanafunzi wako madarasani wakisoma kwa sauti, kila mmoja na ukurasa wake, kelele kama mzinga. Kipindi cha kwanza saa mbili. Kila kipindi ni dakika 40 au 45, kati yake dakika 10. Jumatatu kuna kupandisha bendera uwanjani, na wewe utasimama na walimu wengine, vaa vizuri.

Baada ya kipindi cha pili shule nzima inatoka kwa mazoezi ya viungo yanayoongozwa na spika, desturi iliyoanza 1951. Mara moja au mbili kwa siku kuna mazoezi ya macho. Muziki unaanza, sauti inahesabu, na watoto hamsini wanafumba macho na kujikanda paji la uso na kingo za macho kwa vidole. Usiongee, usigawe karatasi. Zima projekta, simama pembeni, subiri dakika tano. Mara ya kwanza utadhani umeingia msikitini katikati ya sala.

Saa tano na dakika arobaini ni chakula. Unachukua sinia ya chuma yenye vyumba, unagusisha kadi, unaonyesha kwa kidole. Kabla ya saa saba taa zinazimwa: usingizi. Walimu wenzako watatoa vitanda vya kukunja chini ya meza, watajifunika blanketi na kulala kweli, ofisini, hadi karibu saa nane. Usipige simu wala kumtumia mtu ujumbe wa kazi saa hiyo. Nunua kitanda chako, ni bei ndogo. Mgeni anayelala na wenzake mchana anazoeleka haraka kuliko anayejua Kichina.

Alasiri vipindi vinaendelea hadi karibu saa kumi na moja na nusu. Sekondari za bweni zina masomo ya jioni hadi saa tatu na nusu au saa nne usiku, chini ya usimamizi wa mwalimu wa darasa, banzhuren. Wewe huhusiki, lakini ukiona mwenzako ana macho mekundu asubuhi, ujue ametokea huko.

Kalenda: muhula wa kwanza unaanza Septemba 1 hadi Januari, wa pili kutoka Februari hadi mwanzo wa Julai. Septemba 10 ni Siku ya Walimu. Utapata maua na kadi. Jambo linalowashangaza wengi ni siku za kufidia. Serikali ikitangaza mapumziko marefu ya Oktoba, baadhi ya siku hizo zinalipwa kwa kufanya kazi Jumamosi au Jumapili, na tangazo linasema, kwa mfano, "Jumapili hii mnafundisha ratiba ya Alhamisi". Litatumwa kwenye kundi la WeChat kwa Kichina, na hakuna atakayekumbuka kukutafsiria. Ujumbe wa kundi ubonyeze, chagua tafsiri, usome kila jioni.

Hatua ya 6: Darasani

Darasa la serikali lina watoto 40 hadi 55, madawati yamebanana kwa safu, vitabu vimerundikwa mbele ya kila mtoto mpaka uso hauonekani. Ukisema shangke (kipindi kianze), kiranja anaita qili (simameni), wote wanasimama na kukusalimu laoshi hao (hujambo mwalimu). Itikia, waketishe, anza. Usiliruke tendo hilo kwa kutaka kuonekana wa kisasa. Ndiyo kengele inayowaambia kipindi ni kipindi.

Nunua kipaza sauti cha kiunoni. Walimu wa Kichina wanakiita xiaomifeng, kinavaliwa kwa mkanda na maiki ya kichwani, na ndiyo sababu bado wana koo ifikapo Ijumaa. Ubao wa kidijitali upo karibu kila darasa, lakini unasoma flashi kuliko mtandao wako. Pakua video mapema, hifadhi slaidi katika mfumo unaofunguka kwenye WPS (programu ya ofisi ya Kichina), na uwe na somo la akiba la chaki tu.

Sasa tatizo lenyewe: somo lisilo na mtihani. Unaanzia hapa.

Muombe banzhuren mpango wa viti wenye majina. Kumwita mtoto kwa jina lake la Kichina, hata kwa matamshi mabovu, kunamtoa nyuma ya rundo la vitabu kuliko kumwita "wewe wa dirishani".

Chagua kedaibiao, mwakilishi wa somo. Kila somo lenye heshima shuleni linaye: mwanafunzi anayekusanya kazi, anayekuja ofisini kuuliza kama kuna maandalizi, anayewakumbusha wenzake. Wageni wengi hawana, na hapo hapo wanafunzi wanasoma ujumbe kwamba hili somo ni burudani. Usimchague anayeongea vizuri zaidi. Mchague anayeandika vizuri na kuaminiwa, kisha umtangaze mbele ya darasa.

Toa alama. Weka alama ndogo za kila wiki, zibandike ukutani, na mwisho wa mwezi mpe banzhuren orodha. Hazitaingia kwenye mtihani, lakini zikienda kwa mwalimu wa darasa zinaweza kufika kwa mzazi, na hilo mtoto analijua.

Funga somo lako kwenye mtihani wao. Muulize mwalimu wa Kiingereza wa Kichina wiki hii wanasoma sura ipi, halafu wewe wafanyishe mazungumzo kwa msamiati ule ule. Ghafla kipindi chako kinamsaidia mtu, na mwalimu yule anaanza kukutetea wanapotaka kukifuta. Mimi naliona hili kuwa muhimu kuliko michezo yote ya darasani unayoweza kupakua.

Kazi ya vikundi ni ngumu kwa madawati yale, kwa hiyo tumia safu: safu ya kwanza igeuke nyuma, ya tatu igeuke nyuma, wanne wanne wameshapatikana bila kiti kuhama. Usimsimamishe mtoto mmoja aongee peke yake wiki za mwanzo. Aibu ya kukosea mbele ya wenzake ni kubwa. Waanze wote kwa pamoja, kisha wawili wawili, kisha mmoja anayejitolea.

Anayefanya hisabati kipindi chako usimnyang'anye daftari mbele ya watu. Pita, liguse, lifunge taratibu. Akirudia, ongea na banzhuren. Na wiki mbili kabla ya mitihani ya kati (Novemba na Aprili) na ya mwisho, usipange lolote zito. Wanafunzi wa Kichina wana utani wa siku nyingi: "mwalimu wa michezo leo anaumwa, hisabati itachukua kipindi." Wewe na mwalimu wa michezo mko kundi moja. Muwe marafiki.

Siku moja utaambiwa, labda leo kwa kesho, utoe gongkaike: kipindi cha wazi ambacho walimu wengine, mkuu wa shule au wageni wa wilaya wanakaa nyuma na kuandika. Hapo wanataka onyesho: mpangilio unaoonekana, watoto wanaojibu haraka, mwisho wenye muhtasari ubaoni. Wape. Somo la siku hiyo lifanyie mazoezi na darasa lingine kwanza.

Mambo ya kuacha nje ya darasa: siasa za China, Taiwan, Tibet, Tiananmen, na mahubiri ya dini yoyote. Angalia hasa ramani; ramani uliyopakua nje inaweza kuonyesha mipaka isiyokubalika huko, na slaidi moja tu inaweza kukuita ofisini.

Hatua ya 7: Watu wanaoshika maisha yako

Kuna mtu mmoja shuleni, mara nyingi mwalimu kijana wa Kiingereza, aliyepewa jukumu la kukuangalia juu ya vipindi vyake mwenyewe, bila nyongeza ya maana. Yeye ndiye anayekupeleka polisi, benki na hospitali. Usimpigie usiku kwa sababu ya balbu. Kusanya maswali yako, mletee mara moja kwa wiki, na ukirudi kutoka nyumbani mletee kahawa ya Kilimanjaro au majani ya Kericho.

Wakubwa waite kwa jina la ukoo na cheo: Wang Xiaozhang kwa mkuu wa shule, Li Zhuren kwa mkuu wa idara. Walimu wenzako wote ni Laoshi. Jina tupu la kwanza usilitumie. Mkitaka kukataa au kulalamika, fanyeni kwa faragha. Jambo ukilisema kwenye kundi la WeChat umemvua mtu nguo. Na "tutaangalia" kwa kawaida ni hapana.

Kwenye karamu, unapogonganisha glasi na mkubwa, ukingo wa glasi yako uwe chini ya wake. Kama hunywi, sema mapema na kwa sababu moja isiyobadilika, ya dini au ya afya. Ukinywa glasi moja ya baijiu, pombe kali ya Kichina, "kwa heshima", ya pili huna pa kukimbilia.

Utatazamwa. Miji mikubwa wamezoea. Miji ya kati watoto watakuja kugusa nywele na wazee watakupiga picha kwenye basi. Darasani nilikuta njia nzuri ni kulimaliza siku ya kwanza: waulize maswali yote, nywele, ngozi, simba, na uyajibu kwa ucheshi na ramani. Mzazi au mwenzako akisema jambo la kuudhi kwa makusudi, peleka kwa mtu wako wa uhusiano kwa maandishi, kwa utulivu. Na jiandae kwamba matangazo mengine ya kazi bado yanachagua sura.

Hatua ya 8: Nyumba, baridi na tumbo

Nyumba ya ndani ya shule ni bure na inaokoa muda, ila geti linafungwa usiku na mlinzi anajua ulirudi saa ngapi. Plagi za nyumbani za miguu mitatu ya mraba hazingii, beba adapta.

Kuhusu baridi, uliza swali moja: mji uko kaskazini au kusini ya mstari wa milima ya Qinling na Mto Huai? Kaskazini, kama Beijing, kuna joto la mabomba kutoka katikati ya Novemba hadi Machi 15, na ndani ya nyumba unavaa fulana. Kusini, kama Changsha na Wuhan, shule nyingi hazina. Januari utafundisha na koti, madirisha wazi kwa ajili ya hewa, vidole vimekufa ganzi. Mtu wa Mwanza asidanganywe na neno "kusini". Nunua nguo za ndani za joto, blanketi la umeme na chupa ya maji ya moto.

Maji ya moto yapo kila kona, chai ni ya majani bila maziwa, na watu watakushauri unywe maji moto kwa kila ugonjwa. Muislamu atafute neno qingzhen (halali), mara nyingi kwenye bango la kijani. Migahawa ya tambi za Lanzhou ipo karibu kila mji. Kantini uliza mafuta pia, kwani mboga zinaweza kukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Unga wa mahindi ni wa njano na laini, ugali wake unavumilika. Ukipita Guangzhou, eneo la Xiaobei lina maduka na mikahawa ya Waafrika, na Kiswahili utakisikia barabarani.

Hospitali unakwenda na pasipoti, unajiandikisha, unalipa kabla ya kila hatua. Hifadhi namba hizi: polisi 110, gari la wagonjwa 120, zimamoto 119, na 12367 ya uhamiaji, inayojibu kwa Kichina na Kiingereza.

Hatua ya 9: Hela, na kuituma nyumbani

Mkazi wa kodi anasamehewa yuani 5,000 kila mwezi. Kinachobaki kinajumlishwa tangu Januari: yuani 36,000 za kwanza za mwaka zinakatwa 3%, kisha 10% hadi 144,000. Chukua mshahara wa 12,000, tuache makato ya bima. Kinachotozwa kodi ni 7,000, kwa hiyo miezi mitano ya kwanza unakatwa 210. Mwezi wa sita jumla inapita 36,000 na makato yanakuwa 630, kisha 700 kila mwezi hadi Desemba. Wengi wakiona hivyo Julai wanaikimbilia ofisi ya uhasibu wakidhani wameibiwa. Makato ya pensheni (8%) na matibabu (2%) pia huwahusu wageni, ingawa utekelezaji hutofautiana kati ya miji; ukiondoka nchini unaweza kuomba sehemu yako ya pensheni.

Kutuma mshahara nje, benki itataka pasipoti, mkataba, hati za mshahara na uthibitisho wa kodi, unaopatikana kwenye programu ya simu ya mamlaka ya kodi. Chapisha kila miezi mitatu. Asiyelipiwa kodi na shule hana uthibitisho, na hela yake inakwama.

Hatua ya 10: Kuondoka au kuhamia shule nyingine

Toa notisi kwa maandishi, kwa kawaida siku 30 kabla, na uhifadhi nakala. Unahitaji vitu viwili vyenye muhuri mwekundu: barua ya shule kuthibitisha umemaliza kazi na hati ya kufutwa kwa kibali cha kazi. Shule mpya haiwezi kukuombea kibali bila hivyo, na shule iliyokasirika inaweza kuvichelewesha mpaka kibali chako cha ukaazi kikaisha. Kwa hiyo malizana nao vizuri, rudisha funguo, kompyuta na kadi ya chakula, na uombe hati hizo mwanzoni mwa Januari au Juni. Mwaka Mpya wa Kichina ukikaribia, mwenye muhuri anapanda treni kwenda kwao, na muhuri unabaki kabatini.